Michezo ya video ya kale: Ununue mashine iliyo tayari au uunde yako?

MICHEZO ya video iliyotamba katika miaka ya 1980 na 1990 imerejea kwa kishindo, na pamoja nayo limerejea swali linalowatatiza wengi wanaotaka kuicheza tena. Je, ni bora kununua konsoli ndogo iliyotoka kiwandani na michezo ndani yake, au kuchukua tarakilishi ya bei nafuu na kuigeuza kuwa mashine ya kuchezea michezo hiyo?

Wengi hulijibu swali hili kwa kulinganisha bei pekee. Hata hivyo, bei ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Kinachozitenganisha njia hizi mbili ni kazi na dhima: nani anayehakikisha kwamba mchezo unaenda sawasawa, na nani anayejibu iwapo mchezo huo ulipatikana kinyume cha sheria.

Wimbi la sasa lilianza Novemba 2016, wakati kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa NES Classic Edition. Kilikuwa kisanduku kidogo cha kutosha kiganjani, chenye umbo la konsoli ya NES iliyoingia katika soko la Marekani mwaka wa 1985. Ndani yake mlikuwa na michezo 30, na mnunuzi hakuwa na njia rasmi ya kuongeza hata mmoja. Kiliuzwa kwa dola 59.99, zaidi kidogo ya Sh6,000 kwa viwango vya ubadilishanaji wa fedha vya wakati huo.

Kisanduku hicho kiliisha madukani upesi. Kufikia Aprili 2017, Nintendo ilikuwa imeuza takriban milioni 2.3, kisha ikatangaza kusitisha uundaji. Walanguzi walijaza pengo hilo mara moja na kukiuza mtandaoni kwa bei maradufu na zaidi. Kampuni hiyo ilikirejesha sokoni Juni 2018.

Nyingine zilifuata. Septemba 2017 Nintendo ilitoa SNES Classic yenye michezo 21, ukiwemo Star Fox 2 uliokuwa umeundwa katika miaka ya 1990 na kuwekwa kabatini bila kuuzwa kamwe. Sega nayo ilitoa Mega Drive Mini yenye michezo 42 mnamo Septemba 2019.

Waliovifungua visanduku hivyo kwa bisibisi hawakukuta mashine ya mwaka wa 1985 iliyopunguzwa ukubwa. Ndani ya NES Classic mlikuwa na kitengo cha kuchakata data cha kampuni ya Allwinner ya Uchina, hifadhi ya megabaiti 512 na mfumo wa Linux. Kwa maneno mengine, ilikuwa tarakilishi ndogo ya kisasa inayoigiza mashine ya kale.

Hapa ndipo mjadala mwingi wa wapenzi wa michezo hii hukosea njia. Husemwa kwamba konsoli ya kiwandani ni kitu halisi, ilhali ile ya kujiundia nyumbani ni bandia. Ukweli ni kwamba zote mbili ni maigizo.

Uigizaji huo hufanywa na programu iitwayo emuleta. Konsoli ya NES ilikuwa na kitengo cha kuchakata data kilichokwenda kwa kasi ya takriban megahezi 1.79, na kilobaiti mbili tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mchezo uliandikwa kwa maagizo ambayo kitengo hicho kiliyaelewa. Emuleta husoma kila agizo, ikajiuliza mashine ya kale ingefanya nini, kisha ikafanya vivyo hivyo kwa lugha ya mashine mpya, mamilioni ya mara kwa sekunde.

Mchezo wenyewe huwa katika faili iliyonakiliwa kutoka kwa kaseti, nayo huitwa romu. Faili ya Super Mario Bros., mchezo wa mwaka wa 1985 uliouzwa kwa mamilioni, ina takriban kilobaiti 40 tu. Picha moja iliyopigwa kwa rununu ya kisasa huchukua nafasi kubwa kuliko hiyo mara hamsini au zaidi.

Udogo huo huwafanya watu wadhani kwamba kuigiza ni jambo jepesi. Si jepesi hata kidogo. Mashine za kale zilikuwa na vitengo kadhaa vilivyofanya kazi kwa wakati mmoja, kimoja cha picha, kimoja cha sauti, kingine cha hesabu, na waandishi wa michezo walitegemea mpangilio huo hadi sehemu ndogo mno ya sekunde. Mwaka wa 2011, mwandishi wa bsnes, emuleta ya konsoli ya SNES, alieleza kwamba kuiigiza mashine hiyo kwa uaminifu kamili kulihitaji tarakilishi ya kasi ya gigahezi 3. Kitengo cha SNES chenyewe hakikuzidi megahezi 3.58.

Kwa hivyo anayenunua konsoli ya kiwandani hununua, zaidi ya kitu kingine chochote, kazi ya watu waliokaa na kurekebisha mchezo mmoja baada ya mwingine hadi ukatulia. Sega iliikabidhi kampuni ya M2 ya Japani kazi hiyo, na Mega Drive Mini ilisifiwa sana kwa matokeo yake.

Lakini nembo kubwa kwenye kisanduku si hakikisho la kazi nzuri. Desemba 2018, kampuni ya Sony ilitoa PlayStation Classic yenye michezo 20 kwa dola 99.99. Wachezaji waligundua haraka kwamba michezo tisa kati ya hiyo, ikiwemo Tekken 3, ilikuwa ya toleo la Ulaya.

Toleo hilo lilitayarishwa kwa runinga za mfumo wa PAL zilizoonyesha picha 50 kwa sekunde, ilhali zile za Marekani na Japani zilionyesha 60. Michezo mingi ya toleo la Ulaya ilikwenda polepole kwa takriban asilimia 17, na kwenye runinga za kisasa picha zake huonekana zikisitasita. Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotumia PAL hadi matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka wa 2015. Haikuchukua muda kabla ya bei ya PlayStation Classic kushushwa hadi dola 60 hivi.

Isitoshe, emuleta iliyokuwa ndani ya konsoli hiyo haikuandikwa na Sony. Ilikuwa PCSX ReARMed, programu huria iliyoundwa na watu waliojitolea na ambayo yeyote aweza kuipakua bila malipo. Sony hiyo hiyo ndiyo iliyoishtaki kampuni ya Connectix ya Marekani mwaka wa 1999 kwa kuunda emuleta ya PlayStation. Ilishindwa katika mahakama ya rufaa mwaka uliofuata.

Njia ya pili, ya kujiundia, ilipata nguvu Februari 2012 wakati tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi ilipozinduliwa nchini Uingereza. Ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki na iliuzwa kwa dola 35. Ilinuiwa kuwafunza watoto uandishi wa programu, lakini wapenzi wa michezo ya kale waliichangamkia mara moja.

Toleo la nne lilitoka Juni 2019, bei yake ikianzia dola 35 vilevile, na la tano likafuata Oktoba 2023 kuanzia dola 60. Bei za bodi hizi hazijatulia tangu uhaba wa vifaa vya kielektroniki uliokumba dunia mwaka wa 2021, na mnunuzi wa Afrika Mashariki hana budi kuongeza gharama ya usafirishaji na ushuru.

Bodi pekee haichezi mchezo wowote. Huhitaji kadi ya kumbukumbu, chaja yenye nguvu za kutosha, kasha, kipoza joto, kebo ya HDMI na padi moja au mbili. Hesabu ikikamilika, aghalabu kifaa cha "bei nafuu" huwa kimezidi bei ambayo NES Classic iliuzwa nayo madukani.

Kuna njia ndogo ya mkato ambayo haizungumziwi vya kutosha. Tarakilishi kuukuu ya mezani, ya aina inayouzwa kwa wingi katika maduka ya vifaa vilivyotumika, inaweza kufanya kazi hii vyema kuliko bodi nyingi ndogo. Mfumo wa Batocera huwekwa kwenye kijiti cha flashi, mashine ikawashwa kutoka humo, na yaliyomo kwenye diski yake hayaguswi. Mwenye rununu ya Android anaweza kuanza na programu ya RetroArch bila kununua chochote, na tangu Aprili 2024 kampuni ya Apple imeruhusu emuleta kwenye simu zake pia.

Kazi ya kuunda yenyewe huenda hivi. Mtu hupakua mfumo ulio tayari, kwa mfano RetroPie, Recalbox au Batocera, akauandika kwenye kadi ya kumbukumbu kwa kutumia tarakilishi nyingine. Kadi huingizwa kwenye bodi, bodi ikaunganishwa na runinga, na mara ya kwanza mfumo humuuliza mchezaji kila kitufe cha padi kiko wapi. Baada ya hapo hunakili romu alizonazo katika folda ya kila mashine.

Kwa maandishi, hiyo ni kazi ya saa moja. Kwa vitendo, asiye na uzoefu ajiandae kuitumia wikendi nzima. Padi moja hukataa kutambuliwa, sauti hutoka kwenye tundu lisilotarajiwa, mchezo mmoja hukwama kwa sababu emuleta iliyochaguliwa haiufai. Wapo wanaoifurahia sehemu hii kuliko mchezo wenyewe, na kwa hao mjadala umeisha. Lakini mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe mchezo aliocheza akiwa shule ya msingi huenda akachoka kabla ya mchezo kuanza.

Faida ya kujiundia ni upana. Kifaa kimoja huigiza NES, SNES, Mega Drive, Game Boy na mashine nyingine nyingi. Bodi ya Raspberry Pi 4 huimudu michezo ya PlayStation ya kwanza bila shida, ingawa Nintendo 64 huisumbua na Sega Saturn huisumbua zaidi. Mchezaji huweza kuhifadhi mchezo mahali popote, na kubadilisha rangi, padi na mpangilio apendavyo.

Mchezo wenyewe unatoka wapi? Hilo ndilo swali ambalo wengi hulikwepa.

Emuleta yenyewe si haramu. Mahakama za Marekani zilikwisha kuamua hivyo katika kesi ya Connectix. Romu ni jambo jingine. Mchezo ni kazi yenye hakimiliki, na ukongwe wake hauiondoi hakimiliki hiyo. Nchini Marekani, kazi iliyoandaliwa na kampuni hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa, kumaanisha kwamba mchezo wa mwaka wa 1985 haumo huru hadi mwisho wa 2080. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huzilinda programu za tarakilishi katika kundi moja na kazi za fasihi.

Dhana iliyoenea kwamba mchezo usiouzwa tena ni mali ya umma haina msingi wowote katika sheria. Vilevile, ile kanuni inayorudiwarudiwa kwamba mtu anaruhusiwa kukaa na romu kwa saa 24 kisha aifute ni hadithi tu.

Nintendo haijafanya mzaha na wanaosambaza faili hizo. Novemba 2018, wamiliki wa tovuti ya LoveROMs nchini Marekani walikubali hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Machi 2024, waundaji wa emuleta ya Yuzu, iliyoigiza konsoli ya Nintendo Switch iliyokuwa bado madukani, walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kuifunga kazi yao. Mara nyingi wanaoshtakiwa huwa ni wasambazaji, si mchezaji mmoja sebuleni, lakini kutoshtakiwa si sawa na kuwa na haki.

Zipo njia safi za kuijaza kadi hiyo. Mwenye kaseti zake za zamani anaweza kuzisoma kwa vifaa kama Retrode na kutoa romu kutoka kwa nakala aliyoinunua mwenyewe, ingawa sheria za mataifa hazifanani kuhusu hilo. Aidha, kuna waandishi wanaounda michezo mipya kwa ajili ya mashine za kale. Micro Mages, mchezo wa NES uliotoka mwaka wa 2019, huuzwa kama faili ya kilobaiti 40, na Tobu Tobu Girl wa Game Boy hutolewa bure.

Kati ya njia hizo mbili imejipenyeza ya tatu, nayo ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Hizi ni konsoli za bei ya chini zisizo na jina linalojulikana, zinazotangazwa mtandaoni na kuuzwa kandokando ya barabara za miji mingi, zikiwa na michezo 620, 10,000 au zaidi ndani yake.

Waliokulia mijini Afrika Mashariki katika miaka ya 1990 hawataona jambo geni hapa. Mashine nyingi za michezo zilizopatikana wakati huo zilikuwa nakala za konsoli ya Famicom ya Nintendo zilizoundwa Asia bila idhini, na kaseti zake zilijigamba kwa maelfu ya michezo. Mtoto aliyeorodhesha aligundua kwamba michezo halisi haikufika hata mia, mingine yote ikiwa ile ile kwa majina tofauti. Hesabu ya leo hufanywa kwa ujanja uo huo.

Visanduku hivi vina kasoro za pande zote mbili. Michezo yake imenakiliwa bila ruhusa kama ya mjiundaji asiyejali sheria, na haiongezeki wala kurekebishika kwa urahisi kama ya konsoli ya kiwandani. Emuleta zake mara nyingi huwa za zamani, sauti hukwaruza na padi hulegea upesi. Baadhi hata huigiza umbo la NES Classic. Njia moja ya kuitambua ya bandia ni kebo: konsoli halisi hutumia HDMI, ilhali nyingi za bandia hutoka na kebo za rangi nyekundu na manjano.

Hatari haiishii kwenye hakimiliki. Mwaka wa 2024, polisi wa fedha wa Italia mjini Turin walinasa takriban konsoli 12,000 za aina hii zilizokuwa na mamilioni ya nakala haramu za michezo. Maafisa walisema kwamba betri na saketi za nyingi kati ya hizo hazikutimiza viwango vya usalama vya Ulaya. Anayemwachia mtoto kifaa cha kuchajiwa usiku kucha ana sababu ya kulitafakari hilo kuliko idadi ya michezo.

Soko la konsoli za kiwandani nalo limebadilika. Nintendo iliacha kuunda visanduku vyake vidogo baada ya msimu wa Krismasi wa 2018, hivyo vinavyouzwa sasa ni vilivyotumika, na kwa bei ya juu. Waliobaki uwanjani ni kampuni ndogo zaidi. Retro Games ya Uingereza ilitoa The Spectrum mnamo Novemba 2024 ikiwa na michezo 48, na humruhusu mnunuzi kuongeza yake kwa kijiti cha flashi. Blaze, pia ya Uingereza, huuza konsoli ya Evercade tangu 2020, ambayo hutumia kaseti zenye michezo iliyolipiwa leseni. Kwa anayetaka kuepuka mashaka ya kisheria bila kufungiwa na michezo 20 pekee, hizi mbili ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza.

Njia yoyote itakayochaguliwa, tatizo moja huwangoja wote: runinga. Runinga za kioo kinene za zamani zilionyesha picha papo hapo. Za kisasa huichakata kwanza ili kuipamba, na kucheleweshwa huko, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, hutosha kumtumbukiza Mario shimoni ilhali mchezaji ana hakika kwamba alibonyeza kitufe kwa wakati. Karibu kila runinga mpya ina hali ya michezo katika menyu yake, ambayo huuzima upambaji huo. Wengi waliozilaumu emuleta wangepata nafuu hapo.

Kwa mjiundaji kuna jingine, hasa mahali ambapo stima hupotea bila taarifa. Bodi kama Raspberry Pi huandika data kwenye kadi ya kumbukumbu, na umeme ukikatika katikati ya uandishi huo, kadi yaweza kuharibika na mfumo mzima ukakataa kuwaka. Nakala ya kadi nzima, ikihifadhiwa kwenye tarakilishi nyingine, huokoa kazi ya wikendi ile.

Lipo pengo ambalo njia zote mbili hazijaliziba. Mwaka wa 2023, shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa nchini humo haipatikani tena madukani kwa njia yoyote rasmi. Konsoli za kiwandani hurudia ile michezo mashuhuri mara kwa mara kwa sababu ndiyo yenye wanunuzi. Iliyosalia, mjiundaji aweza kuicheza, lakini hana mahali pa kuinunua hata akiwa na pesa mkononi.

Maktaba za Marekani ziliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti michezo hiyo kwa njia ya mtandao, na Oktoba 2024 afisi ya hakimiliki ya taifa hilo ilikataa. Kwa hivyo mingi imebaki katika kaseti zake za asili. Nyingi kati ya kaseti hizo huhifadhi hatua alizofikia mchezaji kwa betri ndogo iliyochomelewa ndani, na betri hizo, baadhi zikiwa na zaidi ya miaka 30 sasa, zinazidi kuisha.